Spika za mamilioni: Je, kinachouzwa ni sauti au ni hadhi?

BIASHARA ya vifaa vya muziki vya kifahari iliingia ukurasa mpya mnamo Septemba 2025, pale kampuni ya Harman, inayomilikiwa na Samsung ya Korea Kusini, ilipokamilisha ununuzi wa Bowers & Wilkins, Denon, Marantz na majina mengine kadhaa ya sifa kwa dola milioni 350.

Jambo la kutazamwa hapo si mauzo yenyewe bali ni bei. Mnamo Aprili 2022, kampuni ya Masimo ya Marekani, ambayo kazi yake hasa ni kuunda vifaa vya hospitalini, ilikuwa imelipa zaidi ya dola bilioni moja kwa majina hayo hayo.

Wanahisa wa Masimo hawakuupokea uamuzi huo kwa furaha. Siku moja tu baada ya mpango huo kutangazwa Februari 2022, hisa za kampuni hiyo zilipoteza zaidi ya thuluthi moja ya thamani yake. Muda si muda, aliyenunua kwa bilioni akauza kwa karibu theluthi ya alicholipa.

Miezi michache kabla ya hapo, Novemba 2024, kampuni ya Bose ilikuwa imeinunua McIntosh, jina lililoanza mwaka wa 1949 na ambalo amplifaya zake hutambulika kwa vioo vyenye mwanga wa buluu. Mwaka wa 2022, kitengo cha bidhaa za wateja wa kawaida cha Sennheiser ya Ujerumani kilikuwa kimekwenda kwa Sonova, kampuni ya Uswisi inayojulikana zaidi kwa vifaa vya kuwasaidia watu wasiosikia vizuri.

Hata hivyo, huku kampuni zikibadilisha mikono, bei za bidhaa zao za kilele hazijashuka. Jozi moja ya spika za ngazi ya juu kabisa za Bowers & Wilkins bado inauzwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Wapo washindani wao ambao bei zao zinazifanya hizo zionekane kama bidhaa za sokoni.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo limewagawa wapenzi wa muziki kwa zaidi ya miaka 40. Mtu anapolipia spika bei ya nyumba, au waya wa mita chache bei ya pikipiki, huwa analipia nini hasa? Na je, anachokilipia kinasikika?

Vyaelea, vimeundwa

Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Ni kweli kwamba sehemu ya bei hizo hutokana na gharama halisi, na si haki kuwaita watengenezaji wote walaghai.

Mfano mzuri ni spika za WAMM Master Chronosonic, ambazo kampuni ya Wilson Audio ya jimbo la Utah, Marekani, ilizizindua mwaka wa 2016. Bei yake ilikuwa dola 685,000 kwa jozi. Kwa kiwango cha ubadilishaji fedha cha mwaka wa 2025, ambapo dola moja ilikuwa karibu Sh129, hizo ni zaidi ya Sh88 milioni. Kampuni ilitangaza kwamba ingetengeneza jozi 70 pekee.

Idadi hiyo ndogo ndiyo sababu ya kwanza ya ughali. Kiwanda kinachotoa spika milioni moja hugawa gharama ya utafiti, mitambo na wahandisi mara milioni moja. Kinachotoa jozi 70 hugawa gharama hiyo mara 70. Hata kama wahandisi ni wale wale na miezi ya kazi ni ile ile, mnunuzi wa jozi hizo chache atabeba mzigo mzito zaidi.

Sababu ya pili ni malighafi na kazi ya mikono. Sanduku la spika likitetemeka, huongeza sauti yake lenyewe juu ya muziki. Ndiyo maana watengenezaji hutumia alumini nzito, mbao zilizogandishwa tabaka kwa tabaka na mchanganyiko wa resini unaochukua miezi kuundwa. Mwaka wa 2005, Bowers & Wilkins ilianza kutumia kuba ndogo ya almasi iliyotengenezwa maabarani kwa ajili ya sauti nyembamba, kwa kuwa almasi ni nyepesi na ngumu kiasi kwamba haijipindi inapotetemeka kwa kasi.

Vipokea sauti vya masikioni vya HE 1, ambavyo Sennheiser ilivitambulisha mwaka wa 2015 kwa bei ya karibu euro 50,000, vina amplifaya iliyochongwa kwa marumaru ya Carrara kutoka Italia. Ukiviwasha, valvu za kioo huinuka polepole kutoka ndani ya jiwe. Hakuna anayeweza kudai kwamba kazi kama hiyo ni ya bei rahisi.

Sababu ya tatu haionekani kwenye karatasi za matangazo. Katika biashara hii, kutoka kiwandani hadi sebuleni kuna mikono mingi: mwagizaji, msambazaji na mwenye duka. Si ajabu mwenye duka kubaki na asilimia 40 ya bei, kwa sababu anaweza kukaa wiki nzima bila mteja, na mteja akifika atataka kusikilizishwa kwa saa tatu. Ndiyo maana ni jambo la kawaida bei ya dukani kuwa mara nne au tano ya gharama ya vipuri vilivyomo ndani.

Siasa za dunia nazo huingilia. Mnamo Machi 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, Urusi ilitangaza marufuku ya kuuza nje bidhaa kadhaa, zikiwemo valvu za sauti zinazotoka kiwanda cha mji wa Saratov, ambacho mmiliki wake ni kampuni ya Marekani. Viwanda vya aina hiyo vilivyosalia duniani, hasa Urusi, Slovakia na Uchina, vinahesabika kwa vidole. Wapiga gitaa na wapenzi wa amplifaya za valvu walipigwa na butwaa, na bei ikapanda.

Chipu ile ile

Lakini gharama halisi haziwezi kueleza kila kitu. Tukio moja nchini Japani lilifichua jambo ambalo wauzaji hawapendi kulizungumzia.

Mnamo Oktoba 2020, moto uliteketeza kiwanda cha Asahi Kasei Microdevices katika mji wa Nobeoka. Kiwanda hicho kilikuwa kikitengeneza chipu zinazobadilisha muziki wa dijitali kuwa mawimbi ya umeme. Baada ya moto huo, watengenezaji wengi walilazimika kusimamisha uzalishaji au kuchora upya mitambo yao.

Kilichojitokeza bayana ni kwamba miongoni mwa waliokwama walikuwemo wanaouza vifaa vya dola mia mbili na wanaouza vya maelfu ya dola. Ndani ya kasha la alumini iliyosuguliwa na ndani ya kasha la bati, moyo ulikuwa wa ukoo mmoja, na bei yake kiwandani ni ndogo mno ikilinganishwa na ile iliyobandikwa nje.

Hili si siri kwa wahandisi. Teknolojia ya muziki wa dijitali ilikomaa zamani. Santuri ndogo za CD zilipoingia sokoni nchini Japani mnamo Oktoba 1982, zilipima sauti mara 44,100 kila sekunde. Kwa mujibu wa kanuni iliyowekwa msingi na Harry Nyquist mwaka wa 1928 na kukamilishwa na Claude Shannon mwaka wa 1949, kiwango hicho kinatosha kuhifadhi kila mtetemo hadi kidogo juu ya 20,000 kwa sekunde.

Hiyo ndiyo mipaka ya sikio la binadamu, na ni sikio la kijana. Umri unaposonga, sauti nyembamba ndizo zinazotoweka kwanza, na wengi waliopita miaka 50 hawasikii vyema mitetemo iliyo juu ya 12,000. Hapo ndipo ilipo kejeli ya biashara hii: mtu huwa na uwezo wa kununua kifaa cha mamilioni wakati ambapo sikio lake limeshaanza kustaafu.

Kwa upande wa amplifaya, hesabu yenyewe haimpendelei mnunuzi. Ukiongeza nguvu ya amplifaya maradufu, sauti huongezeka kwa desibeli tatu tu. Ili msikilizaji aone kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, nguvu lazima iongezwe takriban mara kumi. Pesa huongezeka kwa kasi, manufaa huongezeka kwa kuchechemea.

Macho hayana pazia

Mjadala huu ungekuwa umekwisha zamani iwapo kila mtu angekubali kupimwa kwa masikio pekee. Tatizo ni kwamba macho hayana pazia, na kinachoonekana hubadilisha kinachosikika.

Mwaka wa 1987, jarida la Stereo Review la Marekani liliwakusanya wasikilizaji, wakiwemo walioamini kwamba kila amplifaya ina sauti yake, na kuwataka watofautishe amplifaya za bei ya chini na za maelfu ya dola bila kujua ipi inacheza. Matokeo yao hayakuwa bora kuliko ya mtu anayerusha sarafu hewani.

Mwaka wa 1994, watafiti Floyd Toole na Sean Olive, waliokuwa wakifanya kazi katika Harman, waliwasikilizisha wafanyakazi 40 wa kampuni hiyo spika za aina nne. Kwanza spika zilifichwa nyuma ya pazia lisilozuia sauti, kisha zikaonyeshwa. Pazia lilipoondolewa, alama zilibadilika: spika kubwa na za kupendeza zilipanda, na mfumo mdogo wa bei nafuu ukashuka, ingawa hakuna kilichobadilika katika sauti.

Ikumbukwe kwamba hao hawakuwa wapita njia. Walikuwa watu wanaoishi kwa kazi ya sauti.

Mnamo 2007, E. Brad Meyer na David Moran walichapisha katika jarida la wahandisi wa sauti matokeo ya majaribio yaliyolinganisha rekodi za ubora wa juu kuliko CD na rekodi hizo hizo zikiwa zimepitishwa katika kiwango cha CD. Katika majaribio 554, wasikilizaji walipata majibu sahihi 276. Hiyo ni asilimia 49.8, sawa na kubahatisha.

Mwaka wa 2017, utafiti mwingine ulipima vipokea sauti vya masikioni 283 vya bei tofauti. Haukupata uhusiano wowote kati ya bei ya kifaa na jinsi kinavyosawazisha sauti nene na nyembamba.

Kuhusu nyaya, hali ni mbaya zaidi. Mnamo 2007 James Randi, Mmarekani aliyejulikana kwa kuwafichua wadai wa miujiza, aliahidi dola milioni moja kwa yeyote ambaye angethibitisha kwa masikio pekee kwamba waya wa spika wa dola 7,250 unashinda waya wa kawaida. Majadiliano yalisambaratika kabla ya jaribio kufanyika, na zawadi hiyo haikuchukuliwa.

Aidha, kuna hoja nyepesi ambayo wauza nyaya hawajaijibu vyema. Kabla ya wimbo kumfikia msikilizaji, huwa umepita katika studio zenye nyaya za kawaida zilizotandazwa chini ya sakafu na ndani ya kuta. Ikiwa nyaya hizo zote hazikuuharibu, ni vigumu kuamini kwamba mita mbili za mwisho zitauokoa.

Watetezi wa vifaa vya kifahari nao wana majibu. Wanadai kwamba majaribio ya aina hiyo humtia msikilizaji wasiwasi, kwamba vipande vya muziki huwa vifupi mno, na kwamba tofauti nyingine hugunduliwa baada ya wiki kadhaa za kuishi na kifaa nyumbani.

Hoja hiyo haifai kupuuzwa. Lakini ilitarajiwa kwamba katika miongo yote hii angalau mtengenezaji mmoja wa nyaya za bei ghali angeandaa jaribio la muda mrefu, kwa masharti anayoyapenda mwenyewe, na kulishinda hadharani. Ushindi kama huo ungekuwa tangazo lisilo na kifani. Kimya kilichopo kinasema mengi.

Kashfa ya santuri

Kama kuna tukio lililoitikisa imani ya wapenzi wa sauti kuliko majaribio yote ya maabara, basi ni lile la kampuni ya Mobile Fidelity ya Marekani mwaka wa 2022.

Wakati huo santuri kubwa za zamani zilikuwa zimefufuka. Mwaka huo huo wa 2022, santuri zilizouzwa Marekani zilizidi CD kwa idadi kwa mara ya kwanza tangu 1987. Mobile Fidelity ilikuwa miongoni mwa majina yaliyoheshimiwa zaidi, na baadhi ya matoleo yake yaliuzwa kwa dola 125 kila moja, sawa na takriban Sh16,000.

Wateja wengi waliamini kwamba santuri hizo zilichongwa moja kwa moja kutoka kwa kanda asilia za studio, bila hatua yoyote ya kompyuta. Kwao, hiyo ndiyo iliyokuwa tofauti kati ya sauti yenye uhai na sauti iliyokufa. Wapo waliojigamba kwamba wangeigundua dijitali papo hapo.

Kampuni ilipotangaza kwamba ingetoa nakala 40,000 za albamu ya Thriller ya Michael Jackson, watu walianza kupiga hesabu. Kwa njia iliyodaiwa kutumika, kanda asilia ingelazimika kuchezwa mara nyingi mno, na hakuna mwenye kanda ya thamani kama hiyo ambaye angekubali ichakazwe kiasi hicho.

Mnamo Julai 2022, mmiliki wa duka la santuri mjini Phoenix, Arizona, alilitoa suala hilo hadharani. Wahandisi wa kampuni walikiri katika mahojiano kwamba hatua ya dijitali ilikuwa ikitumika, na ikabainika kwamba utaratibu huo ulianza mwaka wa 2011. Kampuni iliomba radhi, kesi ikafunguliwa, na mwaka wa 2023 kukawa na makubaliano ya kuwafidia wateja yaliyokadiriwa kufikia dola milioni 25.

Kosa la kampuni lilikuwa wazi: iliwaacha wateja waamini jambo ambalo halikuwa kweli, na kuwatoza kwa imani hiyo. Lakini kashfa hiyo iliwaumbua wengine pia. Kwa zaidi ya miaka kumi, wasikilizaji wenye vifaa bora zaidi duniani, pamoja na wahakiki waliolipwa kusikiliza, walizisifu santuri hizo bila kushuku lolote.

Kwa maneno mengine, santuri zilikuwa nzuri kweli. Kilichokuwa cha uongo ni sababu waliyopewa ya uzuri huo, nayo ndiyo waliyoilipia.

Penye manufaa

Je, ina maana kwamba kila anayetumia pesa nyingi kwa muziki ni mpumbavu? La hasha. Kosa ni kudhani kwamba pesa hufanya kazi sawa katika kila kifaa.

Spika ni tofauti na nyaya. Spika mbili zikifichwa nyuma ya pazia, wasikilizaji huweza kuzitofautisha bila shida. Utafiti ulioanzishwa na Toole katika Baraza la Kitaifa la Utafiti la Kanada, na baadaye kuendelezwa na wenzake, umeonyesha jambo la kutia moyo: macho yakiwekwa kando, watu wa mataifa na umri mbalimbali hukubaliana kwa kiasi kikubwa kuhusu spika ipi ni nzuri. Hupenda ile isiyoongeza wala kupunguza chochote.

Kwa hivyo, anayehama kutoka spika duni hadi spika nzuri atasikia tofauti kubwa, na pesa zake hazitakuwa zimepotea. Lakini spika nzuri kwa kipimo hicho haihitaji bei ya gari. Kadiri bei inavyozidi kupanda, ndivyo tofauti inavyozidi kuwa ndogo, hadi inageuka kuwa suala la ukubwa wa chumba, nguvu ya sauti nene na ustadi wa useremala.

Historia ina ushahidi. Mwaka wa 1978, Yamaha ya Japani ilitoa spika ndogo za NS-10 kwa ajili ya sebule za nyumbani. Wapenzi wa sauti hawakuvutiwa. Wahandisi wa studio ndio waliozichukua, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya nyimbo zilizovuma duniani ilisawazishwa juu ya spika hizo zilizodharauliwa, hadi uzalishaji wake ulipokoma mwaka wa 2001. Kuna waliotumia mamilioni kuutafuta ukweli wa rekodi ambazo wenyewe walioziunda walizisikilizia kwenye spika za bei ya kawaida.

Vivyo hivyo, spika za LS3/5A, ambazo bado zinasakwa na wapenzi wa sauti, zilibuniwa na wahandisi wa BBC katika miaka ya 1970 kwa kazi ndani ya magari ya utangazaji, si kwa ajili ya makasri.

Kitu cha pili chenye manufaa ni chumba chenyewe, nacho aghalabu husahaulika kwa kuwa hakuna anayekiuza kwenye sanduku. Mtetemo wa sauti nene wa mara 50 kwa sekunde una wimbi lenye urefu wa karibu mita saba, refu kuliko sebule nyingi. Wimbi hilo hugonga ukuta, hurudi, na kujikusanya katika pembe moja huku likitoweka katika nyingine. Kusogeza spika nusu mita kutoka ukutani, kutandika zulia zito, au kuweka kabati la vitabu mahali penye ukuta mtupu huweza kuleta mabadiliko makubwa kuliko amplifaya mpya ya nusu milioni.

Kitu cha tatu ni uimara. Amplifaya iliyoundwa vyema, yenye vipuri vinavyopatikana na kampuni inayokubali kuikarabati, huweza kutumika miaka 30 au zaidi. Ukigawa bei yake kwa miaka hiyo, huenda ikawa nafuu kuliko kifaa kinachotupwa kila baada ya miaka mitatu. Rahisi, kama wasemavyo Waswahili, huvunja upishi.

Saa na spika

Kuna wanaolinganisha biashara hii na ile ya saa za Uswisi. Saa ya betri ya shilingi mia chache huonyesha saa kwa usahihi kuliko saa ya gia ya mamilioni, lakini hakuna anayelalamika. Mnunuzi anajua analipia ufundi, urembo na jina.

Ulinganisho huo una ukweli, na ndio unaofichua kasoro. Muuzaji wa saa ya kifahari hadai kwamba saa yake inatambua saa sita mchana vyema kuliko nyingine. Muuzaji wa waya wa dola elfu saba hudai kwamba wimbo utasikika vyema zaidi. Wa kwanza anauza hadhi na kuiita hadhi. Wa pili anauza hadhi na kuiita sauti.

Mwanauchumi Thorstein Veblen aliandika mwaka wa 1899 kuhusu matumizi ambayo lengo lake ni kuonekana. Hadi leo, wanauchumi huziita kwa jina lake bidhaa ambazo hupendwa zaidi kadiri zinavyopanda bei. Kwa bidhaa kama hizo, kupunguza bei si kumsaidia mteja. Ni kumnyang'anya kile alichokuja kununua.

Hilo linasaidia kueleza kitendawili cha mauzo ya 2025. Bei za vifaa vya kilele husimama imara kwa sababu zimeegemea hadhi, ilhali thamani ya kampuni huegemea idadi ya wateja. Na wateja wa kati, waliokuwa wakinunua amplifaya na jozi ya spika nzuri kwa mshahara wa miezi miwili, wamehamia kwenye spika ndogo zisizo na waya na vipokea sauti vya masikioni.

Isitoshe, ubora uliokuwa ukiuzwa ghali sasa hupatikana karibu bila malipo ya ziada. Apple ilianza kutoa muziki usiopunguzwa ubora kwa wateja wake wote waliojisajili mnamo Juni 2021 bila kuongeza ada. Spotify ilifuata mkondo huo kwa wateja wake wa kulipia mnamo Septemba 2025, mwezi ule ule Harman ilipokamilisha ununuzi wake.

Kwa mnunuzi wa Kenya, somo ni lile lile, ila gharama ya kukosea ni kubwa zaidi. Bei ya ng'ambo huongezewa usafirishaji wa mizigo mizito, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16 kabla ya kifaa kufika rafuni. Akinunua kilichotumika, yampasa kuchunguza mambo ambayo hayamo kwenye matangazo. Amplifaya iliyoundwa kwa soko la Marekani hutumia umeme wa volti 120, na ya Japani volti 100. Zikichomekwa moja kwa moja kwenye volti 240 za humu nchini, huungua. Mpira laini unaozunguka koni ya spika kuukuu nao huoza kwa umri hata kama sanduku linang'aa.

Katika maduka ya barabara ya Luthuli jijini Nairobi, kama ilivyo katika maduka ya London au Tokyo, kipimo cha busara ni kimoja. Mnunuzi abebe nyimbo anazozijua, aombe vifaa viwili vichezwe kwa kiwango sawa cha sauti, kisha ageuke asitazame ni kipi kinachocheza. Kusawazisha sauti ni muhimu, kwa kuwa kifaa kinachocheza kwa sauti ya juu kidogo tu huonekana bora hata kama si bora.

Asipoweza kuvitofautisha, basi tofauti ya bei iliyosalia si ya muziki. Huenda akaamua kuilipa hata hivyo, kwa ajili ya mbao, marumaru au jina, na pesa ni zake. Ila atakuwa amejua anachonunua, jambo ambalo wateja wa Mobile Fidelity walinyimwa kwa zaidi ya miaka kumi.